Kubebwa Mgongoni Hadi Ghorofa ya Pili

Swali

Salaam, Wakili. Mimi ni fundi wa cherehani. Kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na ninaishi Nyalenda. Natumia kiti cha magurudumu tangu utotoni kwa sababu ya polio. Mwezi uliopita nilikwenda kulipia leseni ya biashara kwenye ofisi moja ya kaunti. Iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Bawabu na kijana wa bodaboda walipokezana kunibeba mgongoni ngazi zote, watu wakitazama, kiti changu kikabaki chini. Nilipouliza kwa nini sisi tusihudumiwe chini, afisa aliniambia mambo mawili: kwamba watu kama mimi ni wachache mno, na kwamba jengo lenyewe ni la kukodi. Nasikia Rais alitia sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu mwaka 2025. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu ninayo, ingawa sijaona faida yake. Je, sheria hiyo inanisaidia nini mimi? Na ni nani hasa ninayepaswa kumwendea: kaunti, Baraza au serikali kuu?

Fundi, Nyalenda

Jibu

Dada Fundi,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimekwama palepale: kiti chako kilibaki chini. Anayetembea kwa miguu yake anaweza kulipita neno hilo bila kulisikia. Ulipofikishwa juu hukuwa na njia ya kusogea hata hatua moja mpaka mtu mwingine apende. Ukitaka maji, ukitaka choo, ukitaka tu kuondoka kwa sababu umechukizwa, ni mpaka uombe.

Wale waliokubeba walitenda wema na siwalaumu. Ila wema wao ulifunika kosa la ofisi. Jioni hiyo vitabu vilionyesha kwamba ada imelipwa, risiti imetolewa, mteja amehudumiwa. Hakuna mstari ulioandikwa kwamba mteja alipandishwa mgongoni. Mkuu wa ofisi hiyo akiulizwa leo kama kuna shida yoyote, atajibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna. Katika miaka yangu ya kushughulikia malalamiko ya namna hii, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Busia, hapo ndipo nimeona haki nyingi zikipotelea: kwenye ngazi, bila karatasi hata moja kubaki nyuma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itahusu karatasi. Naomba univumilie.

Tuanze na Katiba, maana ndiyo iliyo juu ya kila sheria. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Kinampa haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Kinataja lugha ya ishara na Breli, na kinataja vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vinavyotokana na hali yake. Utaona kwamba utu na heshima ndiyo aya ya kwanza kabisa, kabla hata ya majengo. Ndiyo maana ofisi haiwezi kujitetea kwamba mwishowe ulifika ulikotaka. Kufika kama gunia la mahindi ni kuvunjiwa haki ileile ya kwanza, hata kama leseni uliipata.

Kuhusu kuitwa, niseme neno moja, kwa kuwa lugha yetu yenyewe ina mzigo wake. Kiwete, kipofu, kilema: majina haya yanaanza kwa ki- kama kiti na kisu, na wengi wanayakataa kwa sababu hiyo. Wapo pia wanaolishika jina lao kwa fahari, hasa Viziwi, ambao kwao ni jina la jamii yenye lugha yake. Nilikulia karibu na Mumias, ambako shule ya viziwi imekuwepo tangu 1961, na tulipokuwa watoto tulijua ishara kadhaa kabla ya kujua Kiingereza. Leo Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge letu, kwa Kifungu cha 120. Wewe uitwe unavyotaka wewe, na afisa akikuita vinginevyo, liandike neno alilolitumia kama alivyolitamka.

Sasa hizo sababu mbili ulizopewa.

Ya kwanza ni uchache. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 916,692 wenye ulemavu nchini, yaani asilimia 2.2 ya watu wa umri wa miaka mitano na zaidi. Sensa ya 2009 ilikuwa imetoa asilimia 3.5, watu kama milioni 1.3. Kupungua huko hakuna maana kwamba watu walipona. Namna ya kuuliza ilibadilika: mwaka 2019 mtu aliulizwa ana ugumu kiasi gani katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na waliohesabiwa ni wale waliosema wana ugumu mkubwa au hawawezi kabisa. Watoto wadogo hawamo. Na sisi tunaoishi huku tunajua kuna nyumba ambazo mgeni akibisha hodi, mtoto mmoja hupelekwa chumba cha nyuma.

Lakini hata tukubali takwimu hiyo kama ilivyo, afisa wako alihesabu vibaya. Aliwahesabu waliomfikia mezani. Hakuwaona waliofika chini ya ngazi, wakazitazama, wakageuza kiti wakarudi nyumbani. Hakumhesabu mama mwenye mimba ya miezi minane, wala mzee mwenye magoti mabovu, wala kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, na Kisumu hao hawatuishii. Katiba nayo haikuweka idadi. Haki ya Kifungu cha 54 ni ya mtu mmoja mmoja, na ungekuwa peke yako katika kaunti nzima, ingebaki yako.

Ya pili, kwamba jengo ni la kukodi, ina uzito kidogo zaidi, na nitakaa nayo.

Kuna wajibu wa aina mbili hapa na afisa ameuchanganya. Mwenye jengo ana wajibu wake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilimtaka mwenye jengo linalotumiwa na umma alirekebishe ili liwafae watu wenye ulemavu, na ikampa miaka mitano tangu kifungu hicho kianze kutumika. Ililipatia pia Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu uwezo wa kumwandikia mwenye jengo amri ya marekebisho. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia Mei 2008, unasema jambo lilelile kuhusu majengo yaliyo wazi kwa umma, yawe ya serikali au ya watu binafsi. Kwa Kifungu cha 2 cha Katiba, mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria zetu.

Wajibu wa ofisi inayokuhudumia ni mwingine, na hauhamishwi kwa mkataba wa kodi. Kaunti ndiyo iliyochagua jengo hilo. Ingeweza kuchagua lenye rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitisha kiti, au kukodi chumba kimoja cha chini kwa ajili ya huduma za wananchi na kuwaacha wahasibu huko juu. Mkataba wa kodi una tarehe ya mwisho, na siku ya kuuhuisha ndiyo siku ya kumwambia mwenye nyumba: weka njia ya kiti au tunahama. Nani alimwambia hivyo mara ya mwisho? Hilo ni swali halali la kuuliza kwa maandishi, na nitalirudia hapo chini.

Tena kuna jambo ambalo halingoji saruji. Mkataba ule wa kimataifa unasema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yaani yale madogo yanayowezekana bila kuilemea ofisi kupita kiasi, ni ubaguzi. Katika hali yako marekebisho hayo ni meza moja chini na simu ya kumwita karani. Ada siku hizi unailipa kwa simu. Karatasi ya leseni inashuka ngazi kwa urahisi kuliko wewe kupandishwa. Kwa hiyo usikubali mazungumzo yaanze na bei ya lifti. Maafisa hupenda kuanzia kwenye lifti kwa sababu ni ghali, na wakishaitaja bei yake mazungumzo yamekwisha. Anzia kwenye meza.

Umeuliza sheria mpya inakusaidia nini. Mswada wake ulitoka Seneti, ukiletwa na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona, na Rais William Ruto aliutia sahihi Mei 2025. Sheria hiyo imechukua mahali pa ile ya 2003. Faida yake kubwa kwako, kwa maoni yangu, ni kwamba inaziwekea ngazi zote mbili za serikali wajibu, ya taifa na ya kaunti. Ile ya 2003 iliandikwa kabla hatujawa na kaunti, na kwa miaka mingi maafisa wa kaunti walisoma sheria ile kama barua iliyoandikiwa Nairobi. Sheria mpya inamtaka pia mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi. Hilo halikugusi wewe unayejiajiri, ila waambie vijana wako.

Sitakuficha kwamba nina wasiwasi. Sheria ya 2003 nayo ilikuwa nzuri. Tuliipokea kwa furaha, ikakaa zaidi ya miaka 20, na ngazi uliyopandishwa imesimama pale muda wote huo. Sheria husogea pale mtu mmoja anapomwandikia afisa mmoja kuhusu jengo moja. Nakuomba uwe mtu huyo, nami najua ninachokuomba ni kazi juu ya kazi.

Uende kwa nani? Uliza kwanza huduma ni ya nani. Leseni za biashara, masoko, hospitali nyingi, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, vitambulisho, polisi na kodi ya mapato ni mambo ya serikali kuu. Yako ni ya kaunti, kwa hiyo mlango wa kwanza ni mkuu wa idara inayotoa leseni, nakala kwa katibu wa kaunti. Baraza, ambalo lina afisa wake katika kila kaunti, litumie nakala pia na uombe afisa huyo aende akalione jengo kwa macho yake. Baraza halitoi leseni wala halina funguo za jengo hilo. Wengi hupoteza mwaka mzima wakilalamika kwa Baraza peke yake huku ofisi yenye kosa haijapata hata barua moja.

Andika kwa Kiswahili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi la habari liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na anayeshindwa kuandika kwa sababu ya ulemavu au kutojua kusoma, afisa ana wajibu wa kumsaidia. Barua yako iwe na sehemu mbili. Katika ya kwanza eleza kilichotokea: tarehe, saa, ghorofa, nani alikubeba, afisa alisema nini. Usiongeze chumvi, ukweli wenyewe unatosha. Kisha omba jambo moja la mara moja: kuanzia tarehe fulani, mtu yeyote asiyeweza kupanda ngazi ahudumiwe chini, na tangazo la hilo libandikwe mlangoni pamoja na nambari ya simu ya kupiga.

Sehemu ya pili ni maswali, chini ya sheria hiyo ya habari na Kifungu cha 35 cha Katiba. Mkataba wa kodi wa jengo unaisha lini? Ulipotiwa sahihi, suala la watu wenye ulemavu lilizingatiwa vipi? Ni kiasi gani kilichotengwa katika bajeti ya mwaka huu kurekebisha ofisi za kaunti? Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikinyamaza au ikikataa, peleka nakala kwa tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ile inayojulikana kama Ombudsman, ambayo ndiyo msimamizi wa sheria hiyo na ina ofisi hapa Kisumu. Usikawie: una siku 30 za kufanya hivyo. Maswali haya matatu yana nguvu kuliko malalamiko marefu, kwa sababu ili kuyajibu, lazima mtu huko juu afungue faili na agundue kwamba halina kitu.

Mahakama ipo. Kifungu cha 22 kinamruhusu yeyote ambaye haki yake imevunjwa kwenda Mahakama Kuu, na kinasema hakuna ada ya kufungua shauri la namna hiyo. Kanuni za mwaka 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida, au maneno ya mdomo, kutoka kwa mtu asiye na wakili. Hata hivyo, usianzie huko. Kesi huchukua miaka, na jaji atakuuliza kwanza ulimwandikia nani na alijibu nini. Ukiwa na barua iliyopigwa muhuri na siku 21 zilizopita kimya, una jibu.

Njia ambayo watu wetu huisahau ni bajeti. Rampu ni matofali, mchanga na fundi, na fundi hulipwa kutoka mstari fulani ulioandikwa katika kitabu fulani. Kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti ifikapo Septemba 1, waraka wa mwelekeo wa matumizi ifikapo Februari 28, na makadirio yenyewe ifikapo Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ukienda kulia baada ya hapo, kitabu kimeshafungwa. Vikao vya kupokea maoni ya wananchi hutangazwa kabla ya tarehe hizo. Nenda na wenzako wanne watano, mwambie mwakilishi wadi wako mapema, na muulizeni aliyeteuliwa kwenye bunge hilo kwa niaba ya watu wenye ulemavu kama anaijua ofisi hiyo. Dai kwanza kikao chenyewe kifanyike mahali kiti kinapoingia. Nimewahi kuhudhuria kikao cha maoni kuhusu ulemavu kilichofanyika juu ya ngazi kumi na mbili, nikapanda mimi, wenyewe wakabaki nje.

Na wakikubali kujenga, usiondoke hapo. Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na kikundi fulani kudai njia ya kiti kwenye zahanati moja upande wa Kakamega. Baada ya barua tatu ikajengwa, tukapigwa picha. Wiki iliyofuata dada mmoja alijaribu kuipanda, kiti kikarudi nyuma, akaanguka. Ilikuwa imesimama kama bati la paa. Fundi hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyempa kipimo. Kipimo kinachotumika kwingi ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo rampu yake iwe na urefu wa mita 5 na sentimita 40. Pima kwa utepe wako wa cherehani. Mlangoni pawe na sehemu tambarare ya kugeuzia kiti, na pembeni pawe na vyuma vya kushika. Mji huu unaweza: njia pana za waenda kwa miguu zilizojengwa katikati ya Kisumu kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022 zimemfaa kila mwenye magurudumu, pale ambapo pikipiki hazijaegeshwa juu yake.

Kuhusu kadi yako, nitasema kwa ufupi. Haileti pesa yenyewe, na aliyekwambia inaleta alikosea. Ile shilingi 2,000 kwa mwezi ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wenye uhitaji, ni ya kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kuhudumiwa wakati wote. Msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi huwafaa zaidi walioajiriwa. Kwako wewe fundi nionavyo faida iko sehemu mbili. Mfuko wa maendeleo ulio chini ya Baraza husaidia kwa vifaa vya kazi na vya kujimudu, kiti kikiwemo, kwa hiyo muulize afisa wa kaunti wakati wa kuomba. Nayo asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wewe unahesabika mara mbili. Sare hushonwa na mtu. Ukiwa na kikundi kilichosajiliwa, nitumie barua nyingine tuizungumze zabuni peke yake, maana ina mitego yake.

Nikurudishe kwenye barua. Iandike nakala tatu. Siku ya kuipeleka nenda na mtu mmoja wa kushuhudia, lakini usipande. Kaa chini, kwenye kiti chako, umtume huyo mwenzako juu akamwite karani ashuke na muhuri. Akishuka, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na umshukuru. Akikataa kushuka, mwenzako aache barua juu ya meza, nanyi muandike palepale, nyuma ya nakala yenu, jina la karani, saa, na maneno aliyoyasema. Kisha nitumie picha ya pande zote mbili.